Wauza ardhi wa mitandaoni wakikutana ana kwa ana, mkazi anapata nini?

Tangazo huingia kwenye simu saa mbili usiku. Picha nne za uwanja wenye nyasi, maneno "ploti 50 kwa 100, karibu na lami, hati iko tayari", bei na nambari ya kupiga. Kabla ya saa tatu limeshapita katika makundi sita ya WhatsApp na kurasa kadhaa za Facebook, kutoka Isebania hadi Kendu Bay. Asubuhi ploti hiyo hiyo ina bei tatu, kwa kuwa kila broka aliyeipitisha ameongeza chake. Mnunuzi aliye Nairobi au Doha, anayetaka kujenga nyumbani, hana njia ya kujua ni yupi kati yao aliyewahi kukanyaga mahali hapo.

Ardhi nyingi Migori na Homa Bay sasa hutangazwa hivyo, na hilo si baya lenyewe. Simu imempa mwenye shamba wa Ndhiwa soko ambalo baba yake hakulijua. Shida ni kwamba wanaoendesha soko hilo mara nyingi wanajuana kwa nambari tu. Kikao cha ana kwa ana kinachowaleta pamoja madalali, maserveya, mawakili, wenye mashamba na wanunuzi waliojuana kwanza mitandaoni hujaza pengo hilo, mradi kiendeshwe kama mahali pa kufundishana na si mnada mwingine.

Kikao kisicho na meza kuu

Mtindo mmoja uliofaulu kwingineko unafaa kujulikana huku. Mwaka 2005, mjini Palo Alto, California, watu wa kompyuta waliandaa mkutano walioupa jina BarCamp, usio na mgeni rasmi wala ratiba iliyochapishwa. Kila aliyefika aliandika ukutani jambo alilotaka kulizungumza, watu wakagawana vyumba na saa, na kila mmoja akawa mwalimu na mwanafunzi kwa zamu. Miaka mitatu baadaye watu wa biashara ya nyumba na ardhi wa San Francisco waliuchukua mtindo huo, hasa ili wafundishane kutumia mitandao ya kijamii.

Kwa mkazi wa huku jambo hili si geni sana. Wazee waliokaa kwenye duol jioni hawakuwa na ratiba, lakini mpaka wa shamba ulijulikana hapo. Ukumbi wa soko au darasa la shule siku ya Jumamosi linatosha, pamoja na karatasi kubwa, kalamu na mtu mmoja wa kutunza saa. Kwenye kundi la simu swali zuri huzikwa chini ya salamu na matangazo mia moja. Ukumbini anayeuliza anamtazama usoni mtu aliyepatwa na jambo hilo hilo mwaka jana, na huyo hawezi kujifanya hakuliona swali.

Faida ya kwanza huja kwenye mambo madogo. Tangazo linasema ploti ya 50 kwa 100 ni "moja kwa nane ya ekari". Serveya akiwepo ataupiga hesabu mbele ya wote: futi 50 mara futi 100 ni futi za mraba 5,000, ilhali moja kwa nane ya ekari ni futi za mraba 5,445. Kwa ploti moja tofauti hiyo ni ukubwa wa vyumba vitatu au vinne vya kulala. Broka aliyekuwa akirudia maneno hayo kwa nia njema hatayarudia tena.

Jina la babu kwenye hati

Kama kikao kitakuwa na muda wa mada moja tu, basi iwe mirathi. Hapa ndipo pesa nyingi za wanunuzi hupotea na ndugu hukosana.

Mashamba mengi ya kaunti hizi mbili bado yamesajiliwa kwa jina la babu aliyefariki zamani. Baadhi ya hati zenyewe bado zimeandikwa wilaya ya South Nyanza, iliyokuwa moja kabla ya Migori kutengwa na Homa Bay. Mjukuu anayelima kona yake anaiona ni yake, majirani wanakubali, chifu anamjua. Anapiga picha, anatangaza, anapokea malipo ya kwanza. Kisheria bado hana cha kuuza.

Chini ya Sheria ya Urithi, familia huanza na cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote, wakiwemo mabinti walioolewa. Kisha huomba mahakamani hati ya usimamizi wa mirathi. Ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na anayepinga hupewa siku 30. Hati ikishatolewa, kwa kawaida miezi sita hupita kabla ya mahakama kuithibitisha na kugawa mali. Watu wengi hukwama katika miezi hiyo: msimamizi wa mirathi ana karatasi yenye muhuri wa mahakama na anadhani ameruhusiwa kuuza. Hajaruhusiwa. Sheria inamkataza kuuza ardhi ya marehemu kabla ya hati hiyo kuthibitishwa, na anayejiingiza katika mali ya marehemu bila mamlaka anatenda kosa la jinai.

Dalali aliyewahi kupitia kesi ya namna hiyo atawaeleza wenzake kwa dakika kumi jambo ambalo tangazo haliwezi kusema. "Hati iko tayari" haitoshi. Swali ni hati ni ya nani, na huyo yuko hai?

Mwenzi wa ndoa naye asisahauliwe. Tangu Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mume au mke. Nyumba ambayo mke hakuhusishwa si bei nafuu. Ni kesi inayosubiri.

Ofisi ipi inafanya nini

Wakazi wengi huja ofisi za kaunti kuulizia hati miliki. Serikali ya kaunti haitoi hati. Usajili wa ardhi uko chini ya wizara ya ardhi ya serikali ya kitaifa, na hapo ndipo upekuzi rasmi, ambao wengi huuita sachi, hufanyika kwa kutumia nambari ya kipande cha ardhi. Upekuzi unaonyesha mwenye ardhi wa sasa na kama kuna mkopo wa benki au zuio la mahakama. Mnunuzi makini huomba pia kuona kadi ya kijani, yenye majina ya wamiliki tangu shamba liliposajiliwa. Mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021 kwa kuanzia na Nairobi, kwa hiyo mtu asichukulie kwamba alichokiona jamaa yake akifanya huko kitafanyika vivyo hivyo hapa. Aulize kwanza kwenye ofisi ya usajili inayotunza faili la shamba lenyewe. Shamba la Rongo na shamba la Ndhiwa yanaweza kuwa jirani, na mafaili yake yakawa katika kaunti mbili.

Kaunti inahusika na mipango ya matumizi ya ardhi, idhini ya kugawa shamba kuwa ploti, ramani za ujenzi na kodi ya ardhi. Ploti kumi zilizochorwa kwa kamba na vigingi bila idhini hiyo ni shamba moja bado, hata zikitangazwa kwa rangi nzuri namna gani.

Kwa ardhi ya kilimo ipo pia bodi ya udhibiti wa ardhi. Ombi la kibali linatakiwa lipelekwe ndani ya miezi sita baada ya mapatano. Bila kibali mauzo ni batili, na mnunuzi anabaki na haki ya kudai pesa zake tu. Kuzidai na kuzipata ni mambo mawili.

Ploti za ufukweni huvutia kuliko zote: Mbita, Kendu Bay, Muhuru. Picha hupigwa wakati maji yako mbali. Ziwa lilipofurika mwaka 2020 lilimeza nyumba, hoteli na mashamba ya ufuo, na Katiba inahesabu maziwa na mito kuwa ardhi ya umma. Mvuvi wa pale akialikwa kikaoni atasema maji yalifika wapi, na hatahitaji ramani.

Kujuana kuna mipaka

Kukutana kunajenga uaminifu, na uaminifu huo unaweza kutumiwa vibaya. Mtu aliyekula chakula cha mchana nawe ni rahisi kumtumia pesa. Sheria ya Madalali wa Nyumba na Ardhi, iliyopitishwa 1984, inamtaka anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa na bodi husika na awe na cheti cha mwaka huo. Ukumbini ni mahali pazuri pa kuomba kukiona, na aliye nacho hukionyesha bila kununa. Wasio nacho, ambao ni vijana wengi waliojiingiza kupitia simu, wanaweza kuwauliza waliosajiliwa walianzaje.

Kuna tabia nyingine ya kuachwa mlangoni: kupachika kwenye makundi picha za hati na vitambulisho vya watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa hizo, na picha hizo ndizo matapeli hutumia kutengeneza hati bandia. Anayekuja kuulizia shamba fulani abebe nambari ya kipande na matokeo ya upekuzi ya hivi karibuni. Kitambulisho cha mwenye shamba kibaki kwa mwenyewe.