Watu Wasiojuana na Kitabu Kimoja: Filamu ya Wahusika Wengi na Bonde la Kilombero

Filamu ya wahusika wengi ni ile isiyo na nguli mmoja anayefuatwa tangu mwanzo hadi mwisho, bali hugawa muda wake kati ya watu kadhaa ambao mara nyingi hawajuani, kila mmoja akiwa na kisa chake, kisha ikatafuta kitu cha kuvishikanisha visa hivyo visibaki vipande vipande. Kitu hicho huitwa kiungo, na historia ya sinema imejaribu viungo vya kila aina. Filamu ya Marekani ya mwaka 1932 iitwayo Grand Hotel ilitumia hoteli, Robert Altman akawakusanya wahusika 24 katika mji mmoja wa muziki alipotengeneza Nashville mwaka 1975, na katika Babel ya mwaka 2006 risasi ya bunduki moja inagusa maisha ya watu wa Morocco, Mexico na Japani ambao wengi wao hawatakutana kamwe.

Tanzania inao mfano wake ulio karibu, nao ni Binti, filamu ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Seko Shamte na kutolewa na Black Unicorn Studios, ambayo baadaye iliingia Netflix. Filamu hiyo inawafuata wanawake wanne wa Dar es Salaam, Tumaini, Angel, Stella na Rose, ambao shida zao ni tofauti, kuanzia deni la biashara na ukatili wa mchumba hadi hamu ya kupata mtoto na malezi ya mtoto mwenye mahitaji maalumu, na sura zao zinapishana kwa namna inayomfanya mtazamaji atambue kwamba mwanamke aliyeonekana kwa mbali katika kisa kimoja ndiye mwenye kisa kinachofuata. Kinachowaunganisha ni mji na hali ya kuwa mwanamke ndani ya mji huo, si kitu kinachoshikika mkononi.

Kitabu ni kiungo cha namna nyingine, na hasa kitabu cha hamasa, yaani kile kinachomwelekeza msomaji namna ya kuyatengeneza maisha yake mwenyewe, kwa sababu mwandishi hutoa shauri lilelile kwa kila mtu ilhali wasomaji wanaishi katika mazingira yasiyofanana. Wengi huihesabu aina hii ya uandishi kuwa ya Ulaya na Marekani, wakianzia kwa Samuel Smiles wa Uingereza, aliyechapisha kitabu chake maarufu mwaka 1859, hadi kufika kwa Dale Carnegie na Napoleon Hill katika miaka ya 1930. Inafaa kukumbushwa kwamba Mwana Kupona binti Msham wa Pate alitunga utenzi wake wa kumuusia binti yake mwaka 1858, mwaka mmoja kabla ya Smiles, na kwamba usia huo ulisomwa na kukaririwa katika nyumba nyingi za pwani na wanawake ambao mtunzi hakuwajua. Waswahili hawakusubiri kuletewa kitabu cha kumwelekeza mtu jinsi ya kuishi.

Hata hivyo, kitabu cha hamasa cha siku hizi kina dai moja ambalo Bonde la Kilombero linalipima vikali, nalo ni kwamba mafanikio ya mtu yamo mikononi mwake peke yake. Mkulima wa mpunga wa Ifakara anaweza kuamka alfajiri, kuweka akiba na kujiwekea malengo kama anavyoshauriwa, lakini mafuriko ya Mto Kilombero hayaangalii malengo yake, bei ya mchele wakati wa mavuno haipangwi naye, na mbu hawamtofautishi mwenye bidii na mvivu. Filamu inayompa msomaji wa namna hiyo kitabu kisha ikamwonyesha akifaulu kwa nia tu itakuwa imeidanganya hadhira yake. Inayomwonyesha akikikataa kitabu chote nayo itakuwa imekosa heshima kwa kiu ya kweli ya kujiendeleza, ambayo haipaswi kubezwa na mtu yeyote anayejua gharama ya kulima, kusomesha na kuuguza kwa wakati mmoja.

Njia ya tatu ipo, nayo imo katika historia ya nchi yenyewe. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, ambayo kiini chake kilikuwa kitabu cha kujisomea pamoja na vipindi vya Radio Tanzania Dar es Salaam vilivyorushwa kwa wiki 12. Kampeni nyingine zilikuwa zimeitangulia, kama vile Kupanga ni Kuchagua na Wakati wa Furaha, lakini hakuna iliyokuwa imefikia ukubwa wake, kwa maana viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo na watu wapatao milioni 2 walishiriki, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imehesabu watu milioni 12 na ushei. Mada zilikuwa malaria, kuhara damu, minyoo ya safura, kichocho na kifua kikuu.

Namna ya kusoma ndiyo inayopaswa kumvutia mtunzi wa filamu. Kikundi kilikusanyika kusikiliza redio, kisha sura ya kitabu ikasomwa kwa sauti na mtu aliyejua kusoma, kwa kuwa wakati huo watu wazima wengi hawakujua, ndipo majadiliano yakaanza, wanakikundi wakilinganisha yaliyosemwa na hali ya kijiji chao, na mwisho wakaamua jambo la kutenda kabla ya mkutano uliofuata. Vyoo vilichimbwa kwa malaki, majani yakafyekwa kuzunguka nyumba na madimbwi yakafukiwa. Wafugaji wa Kaskazini, wavuvi wa Ziwa na wakulima wa mabonde ya Kusini walikuwa, bila kuonana, wakiisikia sauti ileile na kufungua kurasa zilezile katika majira yaleyale. Kampeni hii ilikuwa na amri nyingi za serikali nyuma yake, na hilo halifai kufichwa, kwa sababu mjadala wa kijiji hauwi huru kabisa pale kiongozi anapongoja taarifa ya idadi ya vyoo. Lakini mvutano huo ndio hasa unaoifanya iwe mali ya mtunzi wa filamu.

Bonde la Kilombero linafaa kuliko mahali pengi kuwa uwanja wa filamu juu ya kampeni hiyo. Reli ya TAZARA ilijengwa kupita bondeni mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikileta vibarua kutoka mikoa mbalimbali. Mashamba ya miwa upande wa Kidatu yalikuwa yamekwisha kuwakusanya wafanyakazi wasio na ukoo pale. Na Wandamba, Wambunga na Wapogoro walikuwa na ujuzi wao wa kuishi na maji ambao hakuna kitabu cha Dar es Salaam kilichoweza kuubeba wote. Mkata miwa, mvuvi, mkunga na fundi wa reli wangeweza kushika nakala nne za kitabu kimoja na kila mmoja akaona ndani yake jambo tofauti, mvuvi akipinga sura ya kichocho kwa kuwa riziki yake imo majini, na kibarua wa reli akiuliza nani anachimba choo katika kambi inayohama.

Malaria ingekuwa mstari unaovuka visa vyote. Ifakara ilikuwa na maabara ya utafiti tangu mwaka 1957, ilipoanzishwa na Rudolf Geigy wa Uswisi, na leo hii ni Taasisi ya Afya Ifakara. Katika miaka ya 1990 watafiti wake walieneza katika wilaya za Kilombero na Ulanga vyandarua na dawa ya kuvitibu kwa jina la Zuia Mbu, vikauzwa kwa bei nafuu kupitia maduka na mawakala wa vijijini. Chandarua kilichotiwa dawa huua mbu na kuwapunguzia hatari hata majirani wasio nacho pale watumiaji wanapokuwa wengi, jambo ambalo linaeleza kwa njia ya sayansi kwa nini ushauri unaofuatwa na mtu mmoja una nguvu ndogo kuliko ule unaofuatwa na mtaa mzima. Filamu ikihama kutoka kikundi cha redio cha 1973 hadi duka la vyandarua robo karne baadaye, watoto wa wasomaji wa kwanza wangekuwa wahusika wa kizazi cha pili, wakibishana juu ya chandarua kama wazazi wao walivyobishana juu ya choo.

Ugumu wa kiufundi haupaswi kudharauliwa, kwa kuwa kusoma ni tendo lisilo na mwendo na kamera huchoshwa nalo haraka. Usomaji wa kikundi unaondoa sehemu kubwa ya ugumu huo, maana kuna sauti, kuna nyuso zinazopinga na kuafiki, kuna anayekatiza ili kuuliza na anayesinzia kwa uchovu wa shamba. Kinachohitajika zaidi ni masimulizi ya waliokuwapo, na hapa muda haungoji: kiongozi wa kikundi aliyekuwa na umri wa miaka 25 mwaka 1973 sasa amepita miaka 70, na kutoka Mang'ula na Kiberege hadi Mlimba wazee wa rika hilo wanazidi kupungua. Mtayarishaji wa filamu mwenye kinasa sauti na subira ana kazi ya kufanya bondeni kabla hajaandika ukurasa wa kwanza wa mswada.