Maji tohara si lazima yawe salama kwa kunywa

Katika darasa za fiqhi tumefundishwa kuwa maji mengi hubaki tohara maadamu najisi haikubadilisha rangi, ladha wala harufu yake. Hukumu hiyo ni ya udhu na josho. Kunywa ni jambo jingine, kwani vijidudu vya maradhi huweza kuwamo majini bila kubadilisha lolote katika hayo matatu.

Miongoni mwavyo ni ameba, giardia na kriptosporidiamu. Hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, vikaingia kisimani kwa maji ya mvua au kutoka choo kilicho karibu. Vikiwa nje ya mwili hujikinga kwa gamba gumu, na huweza kuishi majini kwa wiki kadhaa. Ameba huleta kuhara damu, na huweza kufika kwenye ini na kusababisha jipu. Giardia hujaza tumbo gesi, na mtoto anayeugua mara kwa mara hudhoofu.

Dawa ya klorini tunayotia ndooni huua vijidudu vya kipindupindu, lakini kriptosporidiamu haifi kwa kipimo hicho. Mwaka 1993 katika mji wa Milwaukee, Marekani, kijidudu hicho kilipenya mtambo wa kusafishia maji, maji yakiwa yametiwa klorini. Watu wapatao 403,000 waliugua na makumi wakafariki, wengi wao wakiwa na UKIMWI.

Basi tegemeo letu ni moto. Maji yakishatokota, yaache yaendelee kuchemka dakika moja. Wakazi wa milimani waache dakika tatu. Mkaa ni ghali, lakini hulazimiki kuchemsha maji yote ya nyumba. Chemsha ya kunywa na ya kuoshea matunda. Ya udhu yaache yalivyo, ila unaposukutua usimeze.

Yakipoa, yafunike, kama Mtume (S.A.W.) alivyotuamrisha kufunika vyombo. Teka kwa kata yenye mpini, usichovye mkono. Baada ya istinjaa, na kabla ya kupika au kumlisha mtoto, nawa kwa sabuni.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS na endelea kumnyonyesha. Ukiona damu katika choo, au macho yamedidimia, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Allah (S.W.) atulinde sisi na watoto wetu. Amin.