Je, Wajua? Majaribio Yaliyofeli Yana Daftari Lake

Tuseme mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, aliyepanga chumba Nkuhungu, anaandika kwa Python programu ya kukokotoa malipo ya wakulima wa zabibu. Ameiwekea majaribio 300: kilo zikiwa sifuri itokee nini, bei ikipanda katikati ya msimu itokee nini. Kwenye dirisha jeusi la amri anaandika pytest, anabonyeza Enter. Manne yanafeli.

Kurudia yote 300 kila anaporekebisha mstari mmoja ni kumaliza chaji bure. Bahati nzuri pytest, zana iliyoanzishwa na Holger Krekel, huweka kumbukumbu. Ndani ya mradi hufungua folda iitwayo .pytest_cache (kwa ile nukta ya mwanzo, Linux huificha), na humo mna faili la lastfailed. Lifungue: utakuta majina tu ya majaribio yaliyofeli, sababu hazimo. Akiandika pytest --lf, yanaendeshwa yale manne peke yake, na kila linalofaulu hufutwa jina. Kwa --ff yanaendeshwa yote, yaliyofeli yakitangulia. Nami huipenda zaidi --sw: husimama kwenye kosa la kwanza, na ukiiita tena huanzia hapo hapo, haikumwagii makosa kumi kwa mpigo. Kuona kilichohifadhiwa ni --cache-show, kukifuta, --cache-clear.

Sasa umeme. Faili lile huandikwa kikao kinapofungwa, si baada ya kila jaribio. Ukikatiza kwa Ctrl na C, pytest huwahi kufunga kikao na kuandika. Umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, haiwahi. Ukirudi na --lf utapewa orodha ya kikao cha nyuma yake. Na kama hakuna orodha yoyote, yataendeshwa yote 300.

Ndiyo maana wengine huendesha majaribio marefu kwenye seva ya mbali, ndani ya tmux, programu inayoendeleza kikao cha amri hata muunganisho wako ukikatika, aliyoiandika Nicholas Marriott mwaka 2007, au ndani ya mkongwe wake screen, wa Berlin, 1987. Giza likiingia Nkuhungu, kikao kinaendelea kule. Umeme ukirudi, unaunganisha intaneti, unaingia tena kwenye seva, unaandika tmux attach, unakuta yamefika wapi. Ila tmux hukishikilia kikao kwenye RAM, si kwenye diski. Seva yenyewe ikizimwa, kikao kimekwenda, na kinachobaki ni lile faili la lastfailed, kama lilishaandikwa.