Mbwa anapokenua meno si lazima awe na hasira

NI nadra kupita katika mitaa ya makazi mjini Thika au Ruiru bila kuona lango lililoandikwa 'Mbwa Kali'. Kutokana na mazoea hayo, wengi huamini kwamba mbwa anayeonyesha meno yu tayari kuuma. Imani hiyo huwaponzea mbwa wasio na hatia.

Wapo mbwa ambao humkenulia mwenye nyumba anaporejea jioni kutoka kazini Nairobi. Mdomo wa juu hupanda, meno ya mbele yakaonekana, na mgeni akarudi nyuma. Lakini meno pekee hayatoshi kutoa hukumu. Mbwa huyo huinamisha kichwa, hulaza masikio, hufinya macho na kutikisa mkia uliolegea, huku kiwiliwili chote kikipindapinda. Huo ni unyenyekevu. Charles Darwin aliieleza tabia hii katika kitabu chake cha mwaka 1872, akimtaja Maida, mbwa wa mwandishi Walter Scott.

Mbwa mwenye hasira hana ulegevu huo. Mwili hukakamaa, pua hukunjamana, macho hukodoka, naye huunguruma akiegemea mbele.

Anayempiga mbwa anayekenua kwa unyenyekevu humfunza kwamba kuomba amani huleta kipigo. Mbwa aliyetiwa hofu kiasi hicho aweza kuuma kweli. Isitoshe, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, hairuhusu kumtesa mnyama.

Anayependa kuikuza tabia hiyo asimame ubavuni mwa mbwa, asimwinamie wala kumkazia macho. Pindi meno yanapoonekana, atamke neno moja kwa upole, tuseme 'cheka', kisha ampe kipande cha nyama. Hilo likirudiwa kila siku, mbwa huweza kukenua kwa kuambiwa. Kumvuta mdomo kwa vidole ni upuuzi. Na iwapo anatetemeka, anajikojolea au anajificha, kinachohitajika ni kumtuliza; mafunzo yangoje.

Watoto wasiachiwe kazi ya kutofautisha ishara hizi, hasa kwa mbwa wasiomfahamu. Mbwa naye achanjwe dhidi ya kichaa. Anayeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama mbwa alionekana akicheka.