Wosia: Mashahidi Wawili Kwanza, Muhuri Baadaye

Wakazi wengi huamini kwamba wosia ukishapigwa muhuri wa wakili au kamishna wa viapo umekuwa halali. Sivyo. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haidai muhuri, inadai mashahidi.

Mwandishi wa wosia awe mtu mzima mwenye akili timamu, na atie sahihi au alama yake. Mashahidi wawili au zaidi watie sahihi zao mbele yake. Kila shahidi awe amemwona akitia sahihi, au amesikia kutoka kwake kwamba sahihi hiyo ni yake.

Unayemwachia mali asiwe shahidi, wala mumewe au mkewe. La sivyo, atapoteza alichoachiwa, ila kukiwa na mashahidi wengine wawili wasiohusika.

Wosia wa mdomo pia huhitaji mashahidi wawili, na kwa kawaida hukubaliwa tu mwenyewe akifariki ndani ya miezi mitatu. Kwa Waislamu, wosia hufuata sheria ya Kiislamu.

Kwa hivyo, kabla ya kulipia muhuri, hesabu sahihi: yako na za mashahidi wawili. Zikikosekana, familia yako huenda ikabaki mahakamani na karatasi isiyo na nguvu.