Kurejea Vitabuni Baada ya Matokeo Mabaya

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, na hasa nyinyi vijana mnaotusikiliza majumbani: matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, nyumba moja hupigwa vigelegele, na katika nyumba ya pili kijana hujifungia chumbani, vitabu vikasukumwa mvunguni. Leo tunazungumza na nyumba hiyo ya pili.

Kuhuzunika si kosa. Hatari ni kijana kuifanya alama kuwa hukumu juu ya nafsi yake, akasema hana akili. Mtihani hupima yale aliyoweza kuyakumbuka na kuyaeleza kwa muda wa saa chache tu. Basi na ajiulize: ni yapi hayakukaa kichwani, na kwa nini?

Tuizingatie habari inayosimuliwa juu ya Imamu Ghazali, aliyezaliwa Tus, nchi ya Uajemi, mwaka 1058. Ujanani alisafiri hadi Jurjan kutafuta elimu, akayaandika aliyofundishwa. Njiani akirudi, wanyang'anyi wakaupora msafara. Akamfuata mkuu wao, akamsihi amrudishie maandishi yake, kwani elimu yake yote ilikuwamo humo. Mkuu yule akacheka: itakuwaje mtu adai kuwa na elimu, na kuporwa karatasi kumemwacha mtupu? Kisha akamrudishia. Maneno yale yalimchoma, wala hakuacha kusoma. Alikaa Tus miaka mitatu akiyahifadhi yote aliyoandika. Mwaka 1091 akawa mwalimu katika madrasa ya Nidhamiya, Baghdad.

Wengi wetu husoma kama alivyosoma Ghazali kabla ya kuporwa. Tunapitisha macho juu ya daftari mara tatu, maneno yanakuwa mazoea, nasi tukadhani tumejua. Kumbe kulitambua jambo likiwa mbele ya macho ni rahisi. Kulitoa kichwani mbele ya karatasi tupu ni kazi nyingine. Chumba cha mtihani hutupora daftari, kikatuachia tulichohifadhi tu.

Basi anayetaka kurejea asingojee hamu, kwani hamu huja nyuma ya kazi. Na achague mada moja iliyomshinda, nusu saa baada ya sala ya alfajiri. Asome, afunge daftari, aandike anayoyakumbuka, kisha afungue na kujisahihisha. Arudie kesho yake, na tena baada ya wiki. Siku atakapoiandika bila kutazama mada ile iliyomwangusha, moyo utaanza kurudi. Na mlango haujafungwa: hapa Tanzania aweza kuurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.

Nanyi wazazi, msimsimange kijana kwa kumtajia mtoto wa jirani. Mwachieni nusu saa yake bila ya kumtuma dukani wala kisimani. Jioni mwambieni awaeleze aliyojifunza, hata kama nyinyi hamkulisoma somo lile. Kwa kuwaeleza, atayathibitisha kichwani mwake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awazidishie vijana wetu elimu yenye manufaa, na awape wazazi wao subira. Amin.