Mshumaa usiku: tuchunge moto, tuchunge na mazuku

Wandugu wanamemba, huku Lac Vert umeme ukikosekana tunawasha mshumaa. Nyumba zetu nyingi ni za mbao na zimebanana. Moto wa moja unafika kwa jirani mbio, na maji yako mbali.

Simamisha mshumaa katika kikopo cha bati chenye mchanga, mbali na chandarua, magunia ya mbegu na petroli. Usiwaachie watoto peke yao. Uzime mbele ya kulala. Weka ndoo ya mchanga karibu na mlango.

Tena kuna mazuku: gesi inayotoka chini ya mawe ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, inajaa mashimoni na mabondeni, zaidi usiku na alfajiri pasipo upepo. Haionekani. Inaua mbuzi, inaua na watu. Moto ukizimika wenyewe mahali pa chini, usiwashe tena: beba watoto, pandeni juu. Lakini mshumaa kuendelea kuwaka si alama ya usalama. Ukisikia kizunguzungu ao pumzi kukatika, toka. Mbuzi akianguka shimoni, usishuke kumfuata. Mbuzi tutanunua mwingine.